Binti "kachagua mwenyewe"? Mazoea ya jamii yanavyopanga masomo na kazi za wanawake Tanzania

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kinatawala wakati huo, ilikaa Musoma ikapitisha azimio kubwa la elimu, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kwamba mtu akimaliza form six asiunganishe moja kwa moja chuo kikuu, kwanza akafanye kazi miaka miwili hivi, aangaliwe kazini, apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama, ndo sasa aombe chuo. Sharti lilikuwa moja kwa wote, mwanaume na mwanamke. Lakini lilipoanza kutumika wasichana wakapungua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapungua kiasi kwamba miaka michache tu baadaye serikali ikawaondolea wao hilo sharti wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja.

Kilichotokea ni hivi. Kijana wa kiume wa miaka 20 akiwa kazini miaka miwili, kwao wanaona anajipanga na maisha. Dada yake wa umri ule ule akikaa miaka miwili nje ya darasa, nyumbani wanaona kashamaliza shule, sasa anasubiri nini, posa zinaanza kuja, shangazi anaanza kuuliza, mama naye anaanza kuulizwa na majirani, na kabla hiyo miaka miwili haijaisha binti kaolewa, ana mtoto mgongoni na mume ambaye kituo chake cha kazi kiko mkoa mwingine. Hakuna mtu aliyemkatalia chuo. Kanuni ilikuwa sawa kwa wote ila ilikutana na jamii ambayo miaka miwili ya mwanaume na miaka miwili ya mwanamke haina maana moja.

Nimeanza na huu mfano wa zamani kwasababu unaonyesha kitu ambacho mabishano yetu ya siku hizi yanakiruka. Likija suala la wanawake na elimu au kazi tunagawanyika pande mbili, huyu anasema wanawake wanazuiwa, yule anajibu nani kawazuia, shule bila ada toka Januari 2016, form five na six nazo zimefutiwa ada mwaka 2022, hata Rais ni mwanamke toka Machi 2021, kama mabinti hawaendi kusoma uinjinia basi wenyewe hawataki. Na kweli ukiambiwa umtaje mtu aliyemzuia binti fulani kwa nguvu, mara nyingi hutompata. Ninachotaka kusema mimi ni kwamba binti anachagua, tena anachagua kwa akili kabisa, ila kila njia iliyo mbele yake ina gharama, na gharama hiyo haipangwi na yeye wala na sheria, inapangwa na watu wanaomzunguka, na kwa mwanamke wanaipanga juu kuliko kwa mwanaume kwenye kitu kile kile.

Sasa hayo mazoea ya jamii ni nini hasa, maana tunayataja sana bila kuyafungua. Yana mambo matatu ndani yake na tukiyachanganya hatuelewani. Kuna kile watu wanachofanya kila siku, kwa mfano kwamba nyumba nyingi mwanamke ndo anapika. Kuna kile watu wanachoona ni sahihi, kwamba mwanamke ndo anapaswa kupika. Halafu kuna kitakachokukuta ukienda tofauti, kwamba mwanaume akipika watasema kalishwa limbwata, na mkewe atasemwa zaidi yake. Hilo la tatu ndo injini. Watu wengi wanapika au wanapikiwa si kwa sababu ya imani, wanakwepa maneno. Na maneno kwenye mtaa wenye watu wanaojuana sio kitu kidogo, yanagusa nani atakukopesha, nani atakuja kwenye msiba wako, dada zako wataolewa na nani.

Twende nyumbani kwanza, maana huko ndo yanapoanzia, tena mapema kabla hata hujaona kama ni ishu. Chukua nyumba moja ya kawaida kijijini yenye mtoto wa kiume na wa kike, wote form two, shule ya kata, wote wametembea kilometa zao wamerudi saa kumi jioni. Mvulana anavua sare anakula kiporo anatoka. Msichana anavua sare anachukua ndoo, foleni ya bombani ikienda vizuri karudi saa kumi na moja na nusu, anawasha moto, anachambua mboga, anamwogesha mdogo wao, anasonga ugali, wanakula, anaosha vyombo na masufuria, na akimaliza mama anamwambia aloweke maharage ya kesho. Saa tatu usiku ndo anafungua daftari la hesabu kwenye taa ya sola inayoanza kufifia. Hapo hakuna mzazi katili. Mama yake anamfundisha kazi kwa upendo kabisa, kwasababu anajua siku akienda kwa watu hajui kupika atakayesemwa ni mama. Ila ukijumlisha masaa mawili au matatu kila siku, kuanzia darasa la nne mpaka form four, utaona ni miaka ya kusoma iliyoliwa, na somo linaloumia kwanza ni lile linalotaka kurudia rudia maswali kwa utulivu, yaani hisabati na fizikia. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana na hesabu haviendani.

Kwa hiyo binti anapofika kuchagua kombi ya form five, yaani yale masomo matatu ya kuendelea nayo, wenzake wanaenda PCM (fizikia, kemia, hisabati) yeye anajaza HGL au HGK (historia, jiografia na Kiingereza au Kiswahili), na akijaza PCB (fizikia, kemia, baiolojia) basi ni kwa ajili ya uuguzi. Hapo tunasema kachagua. Lakini kaa naye umsikilize anavyopiga hesabu zake utaona zimeenda mbali kuliko tunavyodhani. Anajua ualimu na uuguzi ni kazi ambazo kila wilaya ina kituo, shule ipo kila kata, zahanati ipo, na serikalini kuna uhamisho wa kumfuata mwenza, kwa hiyo siku akiolewa na mtu wa Kigoma anaandika barua anahamia Kigoma. Mhandisi wa mgodi hahami hivyo, mgodi uko Geita na hauendi popote. Yaani binti wa miaka 17 ambaye hana hata mchumba anachagua masomo kwa kumpisha mume ambaye hajamjua bado, na kaka yake wa umri huo huo hajawahi hata kuwaza kwamba kazi yake ya baadaye inabidi imfuate mke. Ukimuuliza yule binti kwanini ualimu atakwambia anaupenda, na inawezekana anaupenda kweli. Sisemi anadanganya, nasema mapenzi yake yamekulia ndani ya uzio.

Ongeza na umbali. Kuanzia 2006 shule za kata zilijengwa kwa kasi na zimeleta kitu kikubwa ambacho lazima tukisifu, wasichana wanaoingia form one siku hizi wamefika idadi ya wavulana na kuwazidi. Lakini nyingi hazikuwa na bweni, na kata inaweza kuwa na vijiji vimetawanyika, kwa hiyo mtoto anatembea saa nzima na zaidi au anapangiwa chumba karibu na shule, ndo yale mageto. Mvulana akikaa geto wazazi wanaogopa atavuta bangi. Msichana akikaa geto wanaogopa mimba, na hofu yao ina msingi maana yule wa bodaboda anayempa lifti kila siku hatoi lifti bure. Sasa angalia jamii inavyolitatua hili, inampa binti nasaha ajitunze. Kungwi anamwambia ajitunze, mwalimu wa malezi anamwambia ajitunze, mchungaji na shehe nao vile vile. Huyo mwanaume wa miaka 28 mwenye pikipiki hajaitwa kwenye kikao chochote. Hili linaniumiza sana kusema kweli, kwamba tumemuachia mtoto wa miaka 15 azibe peke yake shimo ambalo bweni la vitanda 40 lingelipunguza.

Na mimba ndo inapoonyesha vizuri jinsi sheria na mazoea vinavyosukumana. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi hazikuitaja mimba kwa jina, zilitaja kosa dhidi ya maadili na kuingia kwenye ndoa, lakini shule zikaisoma mimba humo humo, wasichana wakawa wanapimwa mkojo na anayekutwa nayo anaondoka. Juni 2017 Rais Magufuli akatangaza hadharani mkoani Pwani kwamba kwenye utawala wake aliyezaa harudi shule ya serikali, na alishangiliwa, tukumbuke hilo, kwasababu alisema kitu ambacho wazazi wengi walikuwa wanakiamini, kwamba akirudi mmoja atawaharibu wengine. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo Profesa Joyce Ndalichako akatangaza kuondolewa kwa kizuizi hicho, wanaruhusiwa kurudi. Kenya walisharuhusu toka 1994.

Basi mlango umefunguliwa, lakini kupita mlangoni ni habari nyingine. Kichanga atabaki na nani, bibi yake yuko shamba. Maziwa yake nani atalipia. Sare ya zamani haimtoshi na baba kasema hanunui nyingine maana hela yake ilishapotea mara moja. Darasani atakaa na watoto wanaomuita mama fulani. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 asilimia 22 walishawahi kupata mimba, kwa hiyo hatuongelei watu wachache. Upande wa pili sheria ya 2016 inasema anayempa mwanafunzi mimba au kumuoa anakwenda jela miaka 30, adhabu kali kabisa, ila kijijini ukali ule ule unafanya kesi nyingi zimalizwe chini ya mti kati ya familia mbili, kwasababu mtuhumiwa ni mtoto wa ndugu, ni mlipa mahari mtarajiwa, na hakuna mama anayetaka kuonekana ndo kampeleka jirani yake gerezani miaka 30. Sheria imepandisha gharama ya kosa, na mazoea yamepandisha gharama ya kuripoti, mwishowe binti yuko pale pale.

Ndoa za mapema nazo tunazielewa vibaya. Tunasema wazazi hawathamini elimu. Wapo hao, lakini wengi ninaowajua mimi wanaithamini, wanachofanya ni kukwepa hatari. Mzazi ana binti wa miaka 16, kafeli form two au shule iko mbali, kazi hakuna, na kila mwezi unaopita kuna uwezekano akaja na mimba nyumbani, na mimba ya nyumbani inashusha heshima ya familia na mahari vyote kwa pamoja. Posa ikija sasa hivi inalinda vyote viwili. Ndo maana unaona asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliohojiwa kwenye utafiti wa 2015-16 walikuwa wameshaolewa au kuishi na mwanaume kabla ya miaka 18, na Shinyanga na Tabora zimekuwa zikitajwa juu kwa miaka mingi. Na sheria imekuwa upande wa hofu hiyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaipeleka mahakamani, Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa na Bunge likapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukaisha vifungu vikiwa pale pale. Wabunge nao ni watu wa jamii hii hii, wana majimbo, na hakuna anayetaka kurudi jimboni akaulizwa kwanini kaingilia ndoa za watu.

Tuje kwenye kazi. Aliyevuka yote hayo akapata digrii yake anakutana na bei nyingine mpya. Kwenye intavyuu anaulizwa ameolewa, ana mpango wa kuzaa lini, maswali ambayo mwanaume aliyekaa benchi lile lile haulizwi. Na hebu tuangalie sheria ya ajira ya 2004, mama anapewa likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo, mia moja akijifungua zaidi ya mmoja, baba anapewa siku 3 ndani ya wiki ya kwanza. Siku 84 ni haki na ilipiganiwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila bosi mwenye kampuni ndogo anaposoma hizo namba mbili kwa pamoja anachojifunza ni kwamba mtoto ni gharama ya kumuajiri mwanamke, mwanaume hana hiyo gharama. Sheria yenyewe imeandika nani mlezi. Claudia Goldin, yule profesa wa uchumi aliyepewa Nobel 2023, kaonyesha kwa data za Marekani kwamba pengo la mshahara kati ya watu wenye elimu moja linapanuka hasa mtoto wa kwanza akizaliwa, na kule hawana hata shangazi wa kusaidia.

Kwetu shangazi yupo, lakini zaidi ya shangazi yupo dada wa kazi, na hapa kuna fundo ambalo wengi hatupendi kulishika. Mwanamke wa mjini anaweza kwenda ofisini saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku kwasababu kuna binti wa miaka 16 kutoka Iringa au Singida au Tanga anakaa na mtoto wake, na yule binti mara nyingi ni yule yule tuliyemuacha juu hapo, aliyekosa kuendelea form three. Mume hajabadilisha chochote kwenye ratiba yake. Kazi za nyumbani hazijagawanywa, zimehamishwa kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine mdogo na maskini zaidi. Na kuna familia ambazo zilikataa binti asikae hosteli maana hosteli zinaharibu, lakini miaka mitatu baadaye zinamruhusu kupanda ndege kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani kwa watu wasiowajua kabisa. Ukitafakari utaona inaendana, kwasababu kazi za ndani hata zikiwa nchi nyingine bado zinahesabika ni mahali pa mwanamke, na hosteli ya chuo haihesabiki.

Biashara nayo ni hivyo hivyo. Wanawake wamejaa kwenye mama lishe, vitenge, mbogamboga, biashara zinazoanza na mtaji mdogo, na moja ya sababu ni kwamba benki inataka hati na ardhi iko kwa kaka. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kagera aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza na mtoto wa kaka yake akapinga kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo, na jaji akasema mila hiyo ni ubaguzi na haiwezi kusimama. Sheria za ardhi za 1999 zikaandika usawa huo wazi wazi. Bado mabinti wengi hawaendi kudai, kwasababu ukimshitaki kaka yako kwa eka mbili, ndoa yako ikivunjika utarudi kwa nani.

Sasa mtu anaweza kusoma mpaka hapa akaona mazoea ni ukuta. Hapana, yanabadilika, na tuna mfano wetu mzuri sana Zanzibar. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwani ule unasafirishwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Kazi yenyewe inafuata maji. Bamvua likiingia na maji kupwa mbali, kina mama wanashuka na mafungu ya kamba kichwani, wanapigilia vijiti kwenye mchanga, wanavuta kamba kutoka kijiti mpaka kijiti, na kila kamba ina vikamba vidogo ambavyo kila kimoja kimefungiwa kipande cha mwani. Wanainama masaa, kanga zimelowa, chumvi inakausha ngozi, macho yanauma kwa mwanga wa jua kwenye maji. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanabeba magunia yanayochuruzika maji mpaka juu, wanaanika.

Mwanzoni wapo waume waliokataa wake zao kushinda baharini. Lakini angalia kwanini kazi hii ilipita pale ambapo nyingine zilikwama. Wanawake wa pwani ile walikuwa tayari wanashuka baharini wakati wa kupwa, kufukia makumbi ya nazi kwa ajili ya kamba za usumba na kuokota chaza na pweza, kwa hiyo mwanamke kuonekana pwani lilikuwa jambo la kila siku. Haimtaki alale nje ya nyumbani, haina bosi mwanaume, inafanyika kijijini kwake, na ratiba yake inamruhusu arudi kupika. Ilipenya kwasababu iligusa mazoea kidogo. Halafu hela ikaanza kuingia, kina mama wakanunua sare za watoto, vyombo, mabati, wakajenga, na yule mume aliyekataa akanyamaza kisha akaanza kusaidia kubeba magunia. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanazidi 20,000 na kama 80 kwa kila 100 ni wanawake. Hakuna semina iliyofanya hivyo, ni mfuko.

Ila kuna upande wa pili wa stori ile ile. Kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu ililipwa shilingi mia chache tu, wanaume waliojaribu wengi wakaondoka kwenda kwenye utalii na uvuvi, wanawake wakabaki kwasababu kazi nyingine zinazolipa hazikukaa vizuri na heshima yao. Kazi iliyopita kwa sababu inafaa kwa mwanamke ikabaki na bei ya kazi ya mwanamke. Kisha bahari ikapata joto, ile aina yenye bei nzuri, kotonii, ikawa inakufa kwenye maji mafupi. Watafiti kama Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wakafanya kazi na kina mama kuipeleka kwenye maji ya kina, na hapo ndo mazoea yakarudi na bili yake, maji ya kina yanataka chombo na yanataka kuogelea, na wanawake waliozaliwa hatua chache kutoka baharini wengi hawajui kuogelea kwasababu msichana hakulelewa kuvua nguo na kujitupa majini kama kaka zake. Kitu ambacho utotoni kilionekana ni adabu ndogo tu, miaka 30 baadaye kikawa kinaamua nani avune mwani wa bei gani. Nungwi kuna mradi wa Panje ambao umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea, walimu wanawake, nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, na wazazi walipoona stara ipo wakakubali. Naona wale watu walielewa vizuri mno, hawakugombana na stara, waliondoa gharama yake.

Kuna jambo la mwisho la kufungua nalo ni lile la watu watasemaje, maana tunalibeba kama vile tunajua kweli watu wanafikiri nini. Watafiti watatu, Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott, walikwenda Riyadh, Saudi Arabia, kwa wanaume 500 waliooa, vijana wa miaka 18 hadi 35, wakawauliza kila mmoja kwa siri kama anaona ni sawa mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba. Zaidi ya 8 kati ya 10 walisema ni sawa. Wakawauliza tena, unadhani wenzako mliokaa nao humu chumbani ni wangapi wamesema ni sawa, na hapo karibu robo tatu wakakadiria chini ya ukweli. Yaani chumba kimejaa wanaume wanaokubali, kila mmoja anaamini wenzake wanakataa, kwa hiyo kila mmoja anamzuia mkewe ili asisemwe na watu ambao nao wanawazuia wake zao wasisemwe na yeye. Nusu yao wakaambiwa ukweli wa majibu ya wenzao, basi, hakuna mahubiri wala hela. Miezi kadhaa baadaye wake za wale walioambiwa walikuwa wameomba kazi nje ya nyumba kama 16 kwa kila 100, wakati kwa wasioambiwa ni kama 6. Utafiti ukatoka 2020.

Haitatosha peke yake, taarifa haijengi bweni na haileti bomba la maji karibu. Lakini sisi tuna kikao cha wazazi kila shule, na kwenye kikao wanaoongea ni wazee watatu wanne wale wale, wengine wote wananyamaza na kila mtu anaondoka akiamini kijiji kizima kinafikiri kama wale wazee. Mwalimu mkuu au afisa mtendaji anaweza kugawa karatasi zisizo na majina, maswali mawili tu, je binti yako akipata mimba ungependa arudi shule, na je ungemruhusu asome ufundi wa magari au umeme VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, wasiojua kuandika waweke alama ya ndiyo au hapana, karatasi zitumbukizwe kwenye boksi, zihesabiwe mbele ya wote siku hiyo hiyo na majibu yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Kama wengi watakuwa wamekataa tutajua wapi pa kuanzia kuongea. Na kama wengi watakuwa wamekubali, baba anayetaka kumrudisha binti yake darasani Jumatatu atakuwa na kitu cha kumuonyesha shangazi.